Pipa Lililopigwa kwa Ndani

Jua lilikuwa limeshafunga virago Nyundo alipofika kwa Mama Mizani kutafuta bati. Bati tu. La unene wa kadiri, lisiloliwa sana na kutu, la kupigwa kesho likatazamwa keshokutwa.

Hilo la Nyundo si jina alilopewa na wazazi. Wenzake wa chuo cha sanaa ndio waliomvika mwaka wa kwanza, walipoona kila mtu anachonga, anafinyanga na kupaka rangi, na huyu binti mfupi mwenye mikono ya muuza kuni anapiga. Alipiga milango ya majokofu yaliyokufa. Alipiga masufuria yaliyotoboka na mabati ya paa zilizoezuliwa. Kufikia mwaka wa mwisho alikuwa na mpira wa chuma wa kilo ishirini, ameutundika kwa mnyororo kwenye boriti ya karakana. Anauvuta nyuma, anauachia, unakwenda kulibamiza bati. Kisha anaandika daftarini: ameuvuta umbali gani, mapigo mangapi, bonde limeingia kina gani.

"Mimi situngi umbo," alipenda kusema. "Nguvu ndiyo inayotunga. Mimi naifungulia mlango tu."

Mwalimu wake wa uchongaji hakuwa na masikio ya maneno hayo.

"Hizi ni ajali, binti," alimwambia wiki hiyo, akizunguka kazi zake kama mtu aliyepotewa na kiatu. "Ajali hutokea yenyewe. Sanaa hukusudiwa. Niletee nguvu iliyokusudia, la sivyo utarudia mwaka."

Na baba yake, fundi cherehani mwenye maneno machache, alikuwa ameshamwambia kwamba hakuna mwaka wa kurudia. Wiki tano zilibaki kabla ya maonyesho. Ndiyo maana jioni ile alikuwa anahema mlangoni kwa Mama Mizani, watu wengine wakirudi makwao.

Mama Mizani alikuwa mjane, mwenye uwanja wa vyuma chakavu aliouachiwa na mumewe. Kutwa alikaa kwenye kigoda kando ya mizani yake kubwa, na watu walisema angeweza hata kivuli chako kukipima kabla hujaondoka nacho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Nafunga."

"Nataka bati moja tu."

"Bati hakuna. Lori limebeba yote asubuhi." Akamtazama. Akamtazama tena, kuanzia mabegani hadi mikononi. "Hebu njoo huku nyuma."

Nyuma ya banda, kwenye giza la ukuta, kulikuwa na pipa la mafuta, yale ya lita mia mbili. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Kifuniko chake kilikuwa kimechomelewa mzunguko mzima, kikachomelewa tena juu yake, kwa mkono wa mtu mwenye haraka.

Nyundo alipiga magoti. Mabonde ya chuma aliyasoma kama wengine wasomavyo gazeti, na hili gazeti lilikuwa limejaa. Akapitisha kiganja. Hapakuwa na bonde hata moja. Vyote vilikuwa vinundu. Vilitokeza nje, makumi kwa makumi, vyote usawa mmoja. Usawa wa kifua cha mtu aliyechuchumaa.

"Mama... hili limepigwa kwa ndani."

"Lilivimba tu. Mafuta yakipata joto huvimba."

"Likivimba, huvimba lote. Hili limegongwa. Ona, hapa, hapa, hapa. Mahali pamoja."

Mama Mizani alifunga upya kitambaa chake cha kichwa, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Unalitaka au hulitaka?"

"Nalitaka. Utaniuziaje?"

"Chukua tu."

Hapo ndipo angepaswa kushtuka. Mwanamke huyu hajawahi kumpa mtu hata msumari uliopinda. Lakini mwenye shida haulizi mkate umeokwa na nani.

"Ila," Mama Mizani alisema, na sauti yake ikashuka, "ulifungue mwenyewe. Kwa mkono wako. Usimpe fundi, usimpe rafiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sasa ni lako."

Mzee wa mkokoteni alilibeba hadi chuoni. Kwenye mteremko alisimama ghafla, akaegemea mkokoteni kwa mgongo.

"Humu mna nini, dada?"

"Hamna kitu. Ni tupu."

"Tupu?" Akapangusa jasho. "Mbona uzito unahama?"

* * *

Karakana ilikuwa ghala la zamani nyuma ya chuo, lenye dirisha moja la nondo, sakafu ya saruji na bomba la maji linalodondoka. Nyundo aliitumia pamoja na Kijiti, rafiki yake, msichana mchoraji. Kijiti alikuwa mwembamba, na alitembea mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, kwani tangu ajali ya utotoni paja lake lilikuwa na fimbo ya chuma ndani yake. Mwenyewe alilifanyia mzaha.

"Siku ukikosa vyuma," alimwambia Nyundo, "tafadhali usinitazame mimi."

Kesho yake jioni, Kijiti akiwa ameshaondoka, Nyundo alilisimamisha pipa kwenye kona, akavaa miwani, akawasha grenda. Cheche ziliruka hadi ukutani. Alilizunguka pipa lote. Kifuniko kilipoachia kilitoa mlio mdogo, kama wa mtu aliyezuia pumzi muda mrefu.

Kisha ikaja harufu.

Pumba. Pumba za mahindi zilizochacha, na jasho.

Akamulika kwa tochi. Ndani hamkuwa na kitu. Chini tu kulikuwa na ukoko wa pumba zilizogandamana, na katikati ya ukoko huo kulikuwa na alama mbili. Nyayo. Za mtu mzima, peku, vidole vyote kumi.

Mtu mwingine angeondoka. Nyundo alijisemea kwamba kila kitu kina maelezo yake, akawasha taa, akatundika bati la mwisho alilokuwa nalo akaanza kazi. Aliuvuta mpira, akauachia. Moja. Akavuta tena. Mbili. Alipofika kumi na mbili alisimama, akaandika daftarini *mapigo kumi na mawili*, akaenda bombani kunywa maji.

Aliporudi, bati lilikuwa na mapigo kumi na matatu.

Aliyahesabu kwa kidole. Akayahesabu tena.

La kumi na tatu halikuwa la mpira. Lilikuwa kiganja. Kiganja na vidole vitano vimezama kwenye chuma kama kwenye unga uliokandwa.

Mpira ulikuwa umetulia kwenye mnyororo wake.

Kutoka kwenye kona ya pipa, ikaja sauti. Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka mno, anayeuliza kwa adabu.

"Bado?"

Nyundo hakukumbuka alivyofika nyumbani. Alikumbuka tu kwamba alikuwa ameshika grenda mkononi njia nzima, na watu walimpisha.

Asubuhi, mwanga wa jua ukiwa umejaa, alijishawishi kwamba ilikuwa njaa. Alikuwa hajala tangu mchana. Akafungua karakana.

Bati lilikuwa limekunjwa. Lilikuwa limekamuliwa kama nguo anavyoikamua dobi, likajisokota mara tatu, kisha likalazwa sakafuni kwa uangalifu. Kila mkunjo ulijua unakokwenda. Kwanza alitaka kupiga kelele. Kisha akakaa chini akalitazama kwa saa nzima, maana lilikuwa zuri. Lilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvitoa mikononi mwake.

Mwalimu alipita adhuhuri. Alisimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sasa umesema neno," alisema taratibu. "Hii imekusudiwa. Umefanyaje?"

"Mbinu mpya, mwalimu."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Siku hiyo ilionekana ndefu na nyeupe.

* * *

Akaizoea ile sauti. Binadamu huzoea. Kila jioni, kabla kiza hakijashika, alipanga vyuma katikati ya sakafu. Sauti ilipouliza "Bado?" alijibu, "Bado." Kisha akafunga mlango na kwenda zake.

Asubuhi alikuta kazi. Nondo sita zimesukwa kama nywele za mtoto. Mlango wa jokofu umefinywa ukawa na kingo nyembamba kama sikio. Boneti ya gari imekunjwa ikawa kitu mfano wa mtu aliyejikunyata, ameweka kichwa magotini. Hicho hakukitazama sana. Alikigeuzia ukutani.

"Rafiki, unanitisha," Kijiti alimwambia siku moja, akiuzunguka msuko wa nondo. "Unalala saa ngapi?"

"Nalala vizuri."

Na ilikuwa kweli. Jioni moja tu alibaki nje ya mlango akategea sikio. Alitarajia vishindo. Hapakuwa na vishindo. Kulikuwa na chuma kinacholia taratibu, kiiiii... kikipinda polepole, na nyuma yake pumzi. Pumzi ya mtu aliyebeba mzigo mzito ambaye hajaambiwa auweke wapi. Katikati ya pumzi hiyo mtu alikohoa. Nyundo akaondoka kwa vidole vya miguu. Usiku huo nao alilala.

Lakini vyuma vilianza kwisha upesi. Alichopanga cha siku tatu kilimalizwa kwa jioni moja. Asubuhi fulani alikuta miguu ya meza imefungwa fundo. Iliyofuata, nondo za dirisha zilikuwa zimeng'olewa na kuviringishwa kama kamba. Bomba la maji likafuata. Kisha ukawa mpira wenyewe, ule wa kilo ishirini, umepasuliwa na kukunjuliwa maganda kama kitunguu. Pipa peke yake, kwenye kona yake, halikuguswa hata mara moja.

Siku mbili kabla ya maonyesho hakukuwa na kitu tena. Mwalimu alikuwa ameomba kipande kimoja zaidi, kikubwa, cha kuwekwa katikati ya ukumbi. Nyundo akafunga karakana jioni mapema, akaelekea kwa Mama Mizani.

Mama Mizani alimwona kwa mbali. Hakungoja salamu.

"Anakula?"

Nyundo akasimama hapo hapo.

"Nani, mama?"

Mama Mizani akakaa kwenye kigoda. Alionekana mdogo kando ya mizani yake.

"Basi hujampa kitu. Debe moja la pumba kila jioni, ndicho chakula chake. Ningekuambia. Niliogopa ungerudisha pipa."

"Nani, mama?"

"Shemeji yangu. Mdogo wake marehemu mume wangu." Alisema akitazama chini. "Alikuwa kijana mwenye nguvu, anainua injini peke yake, watu wanakuja kumwangalia. Aliugua siku moja tu. Jioni akafa. Tukamlia, tukamzika. Jeneza halikubebeka kwa wanaume wanne, wakaongezwa wakawa wanane. Nikasema ni huzuni ndiyo inayolemea. Kumbe lilijaa vyuma chakavu."

"Na yeye?"

"Unajua msukule ni nini?"

Nani asiyejua. Mtu anachukuliwa kichawi, nyumbani wanazika kiinimacho, naye anafungiwa mahali akitumikishwa gizani, akili imepofuliwa, ulimi umebaki na maneno mawili matatu. Nyundo alikuwa amesikia hadithi hizo tangu utotoni na kuzicheka.

"Uwanja huu haukuwahi kuwa na mashine ya kubana vyuma," Mama Mizani aliendelea. "Hukuwahi kujiuliza? Malori yanamwaga jioni, asubuhi kila kitu kimelala bapa. Mume wangu akawa tajiri. Na mimi nilikuwa naweka pumba. Miaka kumi na mmoja. Sikuuliza. Ukiuliza utajua, na ukijua umeshiriki."

"Mama..."

"Mume wangu alipoona anakufa akamchomelea humo ndani, asitumikie mtu mwingine. Miaka miwili alikuwa anagonga, mwanangu. Nalala anagonga, naamka anagonga. Mwaka huu akaacha kugonga, akaanza kuniita. Shemeji. Shemeji. Kwa adabu ile ile."

"Kwa nini hukumfungua?"

"Anayemfungua ndiye bwana wake. Mimi mzee. Na niliogopa uso wake."

"Ukanipa mimi."

"Nikakupa wewe. Una mabega. Nisamehe." Alilisema hilo kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Nyundo alisogelea kigoda. "Anaachiwaje?"

"Wa kumwachia ni aliyemchukua. Na aliyemchukua yuko ardhini."

"Na akikosa kazi?"

"Hajui kuacha. Hicho ndicho walichomtoa kwanza." Mama Mizani akainua uso. "Leo umemwachia nini?"

"Sikuwa na kitu. Nilimwambia tu... nilimwambia amalize chuma chote kilichobaki mle ndani, kisha apumzike."

"Kimebaki chuma gani?"

"Hakuna. Misumari. Vipande."

"Basi si neno, mradi mtu asiingie."

Nyundo alifungua kinywa kusema hakuna wa kuingia, ufunguo anao mfukoni. Kisha akakumbuka kwamba funguo zilikuwa mbili. Kijiti alimwambia mchana, akiwa anakula huku anacheka, kwamba jioni angepita kuchukua picha zake azipeleke ukumbini.

Kijiti na paja lake.

Alikimbia. Taa za barabarani zilikuwa zinawaka moja moja. Aliangusha kapu la mtu, akatukanwa, hakugeuka.

* * *

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Taa ilikuwa inawaka.

Hakusikia mayowe, na hilo lilimwogofya zaidi. Alisikia chuma kinacholia taratibu. Kiiiii... Sauti ilitoka mahali ambapo sauti ya chuma haitoki.

Kijiti alikuwa chali sakafuni, amejiuma mdomo hadi damu, macho yamemtoka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeinuliwa hewani. Hapakuwa na mtu aliyeuinua. Lakini kwenye kitambaa cha suruali, juu ya goti, kulikuwa na mashimo matano ya vidole vilivyoshika. Na paja lilikuwa linapinda. Polepole. Kama tawi bichi.

"Acha!"

Paja likaendelea kupinda.

"Nimesema acha! Basi! Imetosha!"

"Bado kidogo," ile sauti ikajibu, kwa upole.

Nyundo alirusha funguo zake. Zikadakwa hewani, zikawa kidonge, zikaanguka. Akachomoa mkobani grenda yake, ambayo hakuiacha tena mle tangu usiku ule wa kwanza, akairusha. Ilipondwa kwa muda wa kupepesa macho, ikatupwa, na vidole vikarudi pale pale. Sasa Kijiti alipata sauti. Hakuita mtu. Alitoa tu mlio.

Nyundo akageuka, akaona pipa.

Alilivuta kwa mikono miwili hadi katikati ya sakafu, mdomo wake ukiwa juu.

"Hili hapa! Chuma hiki hapa! Kunja hili!"

Hakuna kilichobadilika.

"Ingia," Nyundo alisema. Hakuitambua sauti yake. "Ingia ndani, ulikunje ukiwa humo humo. Ndiyo kazi."

Mguu wa Kijiti ukaanguka.

Kisha nyayo peku juu ya saruji. Pa. Pa. Pa. Zikaja zikasimama mbele yake. Harufu ya pumba ikampiga usoni, na pumzi ya moto ikagusa paji la uso wake. Alikuwa mrefu. Alikuwa ameinama ili aseme naye.

"Kaka..." sauti ilinong'ona, kana kwamba bwana wake bado ni yule wa kwanza. "Nimechoka."

Nyundo alijua jibu la kumpa mtu anayesema hivyo. Kila aliyelelewa na mama analijua. Akatazama chini, akauona mguu wa Kijiti jinsi ulivyolala.

"Ingia," alisema.

Pipa lilizama kidogo, kama kinavyozama kitu kinapopandwa na mtu. Kisha likaanza kujikunja. Mdomo ulikuja ndani kwanza, kama wa mtu anayezuia kulia. Mbavu zikafuata. Halikupiga kelele nyingi. Likawa debe, likawa ndoo, likawa boga, likatulia.

* * *

Asubuhi alilipeleka lile boga la chuma kwa Mama Mizani, ndani ya gunia. Alitaka wachimbe lile kaburi, watoe vyuma, wamweke mwenyewe. Alikuwa amelia usiku kucha akipanga maneno ya kumwombea.

Mama Mizani alifanya alichozoea kufanya. Akaliweka kwenye mizani.

"Kilo kumi na nane," alisema.

"Ndiyo."

"Pipa tupu ni kilo kumi na nane, mwanangu. Nimepima maelfu."

Upepo ulitikisa mabati ya banda.

"Labda mtu kama huyo hana uzito," Mama Mizani alisema.

"Ana uzito, mama. Niliona pipa likizama."

Mjane yule akainuka, akaanza kufunga lango la uwanja, saa tatu asubuhi, jua likiwaka, wauzaji wakiwa wamepanga foleni na magunia yao. Wanasema hajalifungua tena hadi leo. Amekwenda kukaa kwa binti yake, kwenye nyumba ya udongo na miti.

Maonyesho yalifanyika. Nyundo hakwenda. Mwalimu alimtumia ujumbe kwamba amepata daraja la kwanza, na kwamba wageni walisimama muda mrefu mbele ya ile boneti iliyojikunyata. Mama mmoja alitoka ukumbini akilia, bila kuweza kueleza kwa nini.

Siku ya nne Kijiti aliruhusiwa kuonana na watu. Wodi ilikuwa ndefu, imejaa, jioni ikiingia madirishani. Madaktari walikuwa wameitoa ile fimbo pajani. Ilikuwa imesokotwa mara tatu, na nyama iliyoizunguka haikuwa na jeraha la kuingilia. Kwenye faili waliandika *mashine*.

Nyundo alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameleta maua, na hakujua ayaweke wapi.

"Alikuwa analia," Kijiti alisema akitazama dari.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Alikuwa analia muda wote. Alisema, dada nivumilie, nikimaliza wewe nitaruhusiwa kupumzika." Akamgeukia Nyundo. "Ulijua kuna mtu mle?"

Neno *hapana* lilikuwa tayari mdomoni, limeoshwa na kuvalishwa. Nyundo alilishikilia, akalimeza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Niliona kiganja."

"Na kila jioni ukamfungia mlango, ukaenda kulala."

"Ndiyo."

Kijiti akageuzia uso ukutani.

"Nenda," alisema. "Usije tena."

Nyundo aliinuka. Mlangoni alikutana na nesi mwenye ndoo na fagio la deki, uso umechoka kwa zamu ndefu.

"Muda umekwisha, dada. Na mwambie huyo kaka yako asisimame peku hapa, sakafu imelowa. Ataanguka."

"Kaka yupi?"

"Huyu uliyekuja na..." Nesi akageuka. Akatazama korido upande huu na upande ule, akakunja uso. "Alikuwa hapa sasa hivi. Mrefu, kainamisha kichwa. Nikamsalimia, hakujibu." Akabeba ndoo yake akaenda.

Kwenye sakafu iliyolowa kulikuwa na alama mbili kavu. Vidole kumi.

Kisha akaisikia harufu.

Nyuma yake, ndani ya wodi, kitanda cha kwanza kililia kidogo. Kiiiii... Mgonjwa aliyelala juu yake akajigeuza, asiamke. Nyundo akageuza kichwa polepole akatazama. Vitanda ishirini na vinne, vyote vya chuma, vimepangwa hadi mwisho, na juu ya kila kimoja kuna mtu. Mitungi ya hewa. Milingoti ya dripu. Kijana aliyefungwa vyuma vya kunyoosha mguu. Bibi mmoja amelala, ameshikilia ukingo wa kitanda kwa mkono mwembamba.

"Si hapa," Nyundo alinong'ona. "Si hivi. Acha hivi. Kuna kazi kwingine. Nifuate."

Kitanda kikanyamaza.

Alishuka ngazi bila kukimbia, maana hakujua kitakachotokea akikimbia. Nyuma yake, kila alipoweka mguu, mguu mwingine uliwekwa. Nje taa za barabarani zilikuwa zinawaka, na magari yakipita yamejaa watu wanaorudi makwao. Akaanza kutembea haraka, akiangaza macho huku na huko, mitaroni na nyuma ya kuta, akitafuta chuma chochote kisicho na mtu ndani yake.